Nimedaka jina la shule mtandaoni, sasa baba hataki pesa zangu

SWALI

Asalaam aleikum mama mshauri, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, mkazi wa Mombasa. Nilisomea mambo ya kompyuta hadi diploma, nikazunguka na vyeti bila kupata kazi ya kueleweka. Kwa miaka michache sasa riziki yangu inatokana na kununua na kuuza domeini, yaani majina ya tovuti. Nasajili jina kwa ada ya kawaida ya mwaka, nakaa nalo, na akitokea anayelitaka namuuzia kwa bei tunayopatana. Mengi ni maneno ya kawaida tu: nyumba za kukodi, teksi, harusi, samaki. Mtu mmoja wa magari ya watalii niliyemuuzia jina alifurahi mpaka akaniletea wateja wengine. Sikuwahi kudhani kwamba ninachofanya kina ubaya.

Halafu jamaa mmoja aliyenitangulia katika kazi hii akanionyesha namna ya kuvizia majina yanayoisha muda. Mwaka jana nikaliona jina la .com la shule moja ya msingi ya binafsi huku Pwani. Muda wake ulikuwa umekwisha na hakuna aliyelipia. Nikasubiri siku zote zile ambazo mwenyewe anaruhusiwa kulikomboa, na lilipofutwa tu nikalidaka. Sikumlaghai mtu wala sikuvunja neno siri la mtu. Walikuwa na nafasi ya kulipia na hawakulipia.

Nililiweka kwenye ukurasa wa matangazo ili liniingizie senti mbili tatu. Matangazo huchaguliwa na kampuni ya matangazo yenyewe, na mengi yalikuwa ya kamari. Nikafungua pia sanduku la barua pepe linalopokea kila kinachotumwa kwa jina hilo, nijue kama bado kuna wanaolitafuta. Barua zikamiminika. Wazazi wanauliza karo, wengine wanatuma nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaotaka kuandikishwa. Nikaacha kuzisoma, lakini hadi leo zinaingia.

Mwalimu mkuu alinipata, akanipigia. Kumbe kijana aliyewatengenezea tovuti alishahama na akaunti ilikuwa kwa jina lake, kwa hiyo vikumbusho vya malipo vilimwendea yeye. Jamaa yangu alinishauri niwatajie shilingi 150,000, kwa sababu kesi ya usuluhishi wa majina huko Geneva ingewatoka zaidi ya hapo, na mtu akipiga hesabu ataona heri alipe. Nikawaandikia bei hiyo. Mwalimu mkuu hakujibu. Kilichokuja ni barua ya wakili inayotaja kifungu cha 28 cha sheria ya uhalifu wa mtandaoni na kifungo cha miaka miwili.

Baba aliiona ile barua. Nilikuwa nikimtumia pesa za kuezeka upya nyumba yetu. Amezirudisha zote kwa M-Pesa na kusema hawezi kulala chini ya mabati ya pesa za kuhodhi. Mama bado anapokea ninachompa, lakini kwa siri, na hilo linaniuma kuliko maneno ya baba. Jamaa yangu anacheka. Anasema jina lililoachwa ni kama kiwanja kisicho na mwenyewe, na waliolala wasimlaumu aliyeamka.

Ninayo pia majina ya watu kadhaa wanaosemekana watagombea viti mwaka 2027. Bado sijamwendea yeyote.

Je, biashara hii inaruhusiwa kisheria? Ni halali mbele ya Mungu? Na jina la shule nilifanye nini?

Muuza Majina, Mombasa


JIBU

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Umeuliza kuhusu sheria na dini, lakini naona lililokunyima usingizi ni pesa zilizorudi kwenye simu yako. Umetafuta kazi ukakosa, ukajitafutia njia, ukafikia hatua ya kuezekea wazazi nyumba. Kurudishiwa pesa hizo na baba mzazi ni jambo zito, na sitalipita haraka. Ila niruhusu nianze na biashara yenyewe, maana katika barua yako umechanganya mambo matatu ambayo baba, jamaa yako na wakili wa shule kila mmoja anayatazama kama ni moja.

La kwanza ni majina ya maneno ya kawaida. Hapa sijui nchi inayomkataza mtu kusajili neno la kamusi na kuliuza. Jina business.com liliuzwa dola 150,000 mwaka 1997, na miaka miwili baadaye likauzwa tena dola milioni 7.5. Mwaka 2019 voice.com lilikwenda kwa dola milioni 30. Neno la kawaida si la mtu, na anayelilipia mwaka baada ya mwaka bila kujua kama litapata mnunuzi anabeba hasara yake mwenyewe. Yule wa magari ya watalii alikuja kwa hiari, akalinganisha bei yako na faida yake, akaondoka ameridhika. Kama baba anadhani pesa zako zote zimetoka mahali pamoja na hizi za shule, hajaelezwa vizuri. Huenda hujawahi kumweleza.

La pili ni jina la shule, na hapa lazima twende taratibu.

Mimi si wakili, na barua uliyopokea inahitaji wakili aisome. Lakini kifungu chenyewe nakijua. Ni cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Kinasema anayechukua au kutumia kwa makusudi jina, jina la biashara, alama ya biashara au domeini iliyosajiliwa, inayomilikiwa au inayotumiwa na mwingine kwenye mtandao, bila idhini wala haki, ametenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Wakili wako anaweza kujenga hoja kwamba siku uliyoisajili, domeini ile ilikuwa imefutwa na haikuwa mikononi mwa mtu. Wakili wa shule atajibu kwamba kifungu hakitaji domeini peke yake. Kinataja jina pia, na jina la shule lilikuwa bado kwenye lango, kwenye sare za watoto na kwenye barua za wazazi. Usiingie katika hoja hiyo ukiamini kwamba umeshashinda.

Wenye hoja kama yako wameshafika mahakamani. Marekani alikuwepo Dennis Toeppen, aliyesajili panavision.com mwaka 1995 na kuitaka kampuni ya Panavision imlipe dola 13,000. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ilimpa kampuni ushindi. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya wafanyabiashara waliokuwa wamesajili majina kama marksandspencer.com na kuyanadi kwa wenyewe. Majaji walisema majina ya namna hiyo, mikononi mwa mtu asiyehusika, ni zana za ulaghai. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama za Kenya, lakini mawakili wetu huzitaja na majaji huzisikiliza.

Sikutajii hayo kwa kukutisha, kwa sababu sheria haiegemei upande mmoja. Uzi Nissan, mfanyabiashara wa kompyuta huko North Carolina, alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa kuwa Nissan ni jina la ukoo wake. Kampuni ya magari ikamshtaki mwaka 1999, kesi ikaenda kwa miaka, na alipofariki mwaka 2020 jina lilikuwa bado lake. Alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kulitumia jina lile kabla kampuni haijalitamani. Jiulize, mwanangu: ulipolichukua jina la shule, wewe ulikuwa na sababu gani isiyopitia kwa shule yenyewe? Neno la samaki litamfaa muuza samaki yeyote. Jina la shule ile litamfaa nani mwingine kwa bei ile?

Sasa hiyo bei. Kwa majina ya .com upo utaratibu wa usuluhishi uliopitishwa na ICANN, chombo kinachosimamia majina ya intaneti, mwaka 1999. Mashauri mengi hupelekwa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki lililoko Geneva. Anayelalamika anatakiwa kuthibitisha mambo matatu pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara, kwamba aliyelishika hana haki wala maslahi halali nalo, na kwamba lilisajiliwa na linatumiwa kwa nia mbaya. Alama isiyosajiliwa hukubaliwa pia, mradi ithibitike kwamba watu wanaitambua. Ada ya kumfikisha mtu huko, kwa mwamuzi mmoja, ni dola 1,500, karibu laki mbili za Kenya. Waamuzi hawatozi fidia wala hawafungi mtu. Wanachoweza kuamuru ni jina lifutwe au lihamishwe.

Umeona sasa mahali jamaa yako alipoitoa ile laki na nusu. Si thamani ya jina sokoni. Ni gharama ya shule kutafuta haki yake, ikapunguzwa kidogo ili kulipa kuonekane nafuu. Na huenda hakukwambia kwamba kanuni hizohizo zimeliona hilo mapema: kulisajili jina hasa kwa lengo la kumuuzia mwenye alama kwa zaidi ya gharama ulizotumia na zinazoweza kuthibitishwa, ni mojawapo ya dalili zilizotajwa waziwazi za nia mbaya. Ujumbe uliowaandikia ukitaja bei unaweza kuwa ndio ushahidi wenyewe.

Ndiyo maana natamani ulichunguze lile neno la kiwanja. Ni kweli walichelewa kulipia, na uzembe huo ni wao. Taasisi inayoacha akaunti yake mikononi mwa kijana aliyeondoka haiwezi kusema haikuwa na sehemu yake katika shida hii. Ila aliyenunua kiwanja kilichoachwa hapokei barua za jirani. Wewe unapokea vyeti vya kuzaliwa vya watoto usiowajua. Mzazi aliyetafuta shule ya mwanawe alifunguliwa ukurasa wa kamari. Jamaa yako alipokuambia halikuwa na mwenyewe, alijua kwamba bado kuna watu wanaliandikia? Wewe ulipojua, ni nini kilibadilika moyoni mwako? Nauliza kwa sababu umeniandikia kwamba uliacha kuzisoma. Hakuna aliyekulazimisha kuacha.

Jambo moja halingoji uamuzi mwingine wowote. Lifunge lile sanduku leo, barua zisipokelewe kabisa, na mtumaji arudishiwe ujumbe kwamba anwani haifanyi kazi. Ondoa matangazo. Zilizokwisha kuingia usizisambaze, wala usizifute kabla ya kumuuliza wakili, maana zinaweza kuhitajika na shule. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na taarifa za watoto zimewekewa ulinzi zaidi humo. Hili liko mbali na swali la nani mwenye jina. Hata ukishinda jina, barua zile hazikuwa zako.

Baada ya hapo njia zako ni kadhaa. Unaweza kulirudisha jina kwa gharama ulizotumia, au bila malipo. Kwa wengi njia hiyo hupoza mambo haraka, lakini usilihamishe kwa simu moja na ahadi ya mdomo. Pata maandishi kutoka kwa wakili wao kwamba wakishalipokea hawatakudai zaidi, na ukumbuke kwamba kosa la jinai likishafikishwa polisi halimalizwi na barua ya wakili pekee. Kumbuka pia kwamba baada ya kusajiliwa au kuhamishwa karibuni, majina mengi ya .com hufungwa siku 60 yasihamie kwa msajili mwingine, yaani kampuni nyingine inayosajili majina. Yaliyo ndani ya msajili mmoja huhama kwa urahisi, kwa hiyo shule inaweza kufungua akaunti hapohapo.

Unaweza pia kuwaambia kwamba unalirudisha, na kwamba wakitaka mtu wa kuwaangalizia tovuti wewe una ujuzi. Wazo hili lina uzuri wake, kwa sababu shida yao halisi ni kukosa mtu wa kuaminika. Lakini likisemwa kabla jina halijarudi litasikika kama sharti. Hata likisemwa baadaye, mwalimu mkuu anaweza asikuamini, na ana haki ya kutokuamini kwa muda.

Au unaweza kung'ang'ania bei. Huenda wakalipa, kama jamaa alivyobashiri. Huenda wakaenda polisi, au Geneva, au wakatafuta jina jingine chini ya .ke, ya Kenya, na kuwatangazia wazazi kilichotokea. Pwani hii ni ndogo kwa mtu anayetaka kuendelea kuuza majina kwa wenye hoteli, madaktari na shule. Au ukae kimya, uache shauri liende likaamuliwe na wengine. Watu huamua hivyo wakiwa wamechoka, na sikulaumu ukifikiria hivyo, ila wewe utabaki na wasiwasi wakati wote huo, na baba atabaki na jibu lake.

Kuhusu baba. Ametaja kuhodhi, na mzee akisema hivyo ana jambo analolijua. Masheikh wamelizungumza kwa karne nyingi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa Pwani wanaifuata, kuhodhi kunakokatazwa kumefungwa zaidi kwenye vyakula. Wengine, wakiwemo Maliki, wamelipanua hadi kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu. Upande mwingine, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988 lilikubali kwamba jina la biashara na alama yake ni haki yenye thamani ya mali, inaweza kuuzwa pasipokuwa na hadaa, na hairuhusiwi kudhulumiwa. Uamuzi huo unakutetea katika majina yako ya kawaida. Katika jina la shule, unamtetea nani? Mpelekee sheikh unayemwamini, na umweleze yote, pamoja na zile barua za wazazi na namna bei ilivyopatikana. Ukimweleza nusu atakupa jibu la nusu.

Naomba pia usimtumie mama kama daraja. Anapokea kwa siri kwa kuwa anawapenda wote wawili, na kila mara anapofanya hivyo anabeba mzigo usiokuwa wake. Kaa na baba mwenyewe, ukiwa na orodha ya majina yote uliyouza na namna kila moja lilivyouzwa. Mwonyeshe lipi lilitokana na nini. Anaweza kuona tofauti. Anaweza pia asione, na utalazimika kuishi na hilo kwa muda bila kumsukuma. Sidhani kama anayachukia mabati yako. Nahisi aliogopa siku aliyoona neno kifungo kando ya jina la mwanawe, na wazee wetu hofu yao mara nyingi hutoka kama ukali.

Lililobaki ni majina ya wanasiasa, ambayo umeyataja kwa mistari miwili tu, nami yananitia wasiwasi kuliko unavyodhani. Kifungu cha 28 kinaanza na neno jina, kabla ya biashara wala alama. Huko WIPO mwaka 2000 mwigizaji Julia Roberts alipewa juliaroberts.com baada ya aliyelisajili kuliweka kwenye mnada. Mwaka huohuo mwanamuziki Sting alishindwa, kwa sababu sting ni neno la kawaida la Kiingereza ambalo yeyote anaweza kuwa na sababu ya kulitumia. Majina ya wagombea uliyoyashika, mengi nadhani ni majina mawili mawili ya watu mahususi, na si maneno ya kamusi. Wakati wa kampeni jina la namna hiyo hutakiwa na mwenyewe na hutakiwa na wapinzani wake pia, na atakayekuja na pesa nyingi anaweza kuwa yule anayetaka kuandika uongo kwa jina la mwenzake. Umeshafikiria ungemjibu nini?

Hujamwendea yeyote bado, na hapo una nafasi ambayo kwa shule huna tena. Angalia ada ya mwaka ya majina hayo inaisha lini. Ukiamua kuyaacha, utapoteza ulichokwisha kulipa na hakuna atakayekudai maelezo. Ukiamua kubaki nayo, mwonyeshe wakili orodha nzima siku ileile utakayompelekea barua ya shule.